Jinsi ya kufumua nasaba ya neno ambatani la Kijerumani

Kontena za rangi ya chungwa zinazopita Changamwe zikitoka bandari ya Kilindini zimeandikwa Hapag-Lloyd ubavuni. Hapag ni kifupi cha Hamburg-Amerikanische Packetfahrt-Actien-Gesellschaft, kampuni ya meli iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1847. Katikati ya jina hilo kuna Packetfahrt, neno moja lililoshonwa kwa vipande viwili, na Kijerumani kimejaa maneno ya kushonwa hivyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyafumua: kukata mahali panapostahili, kufuata kila kipande hadi kwa mababu zake, kisha kutafuta tarehe ya mshono.

Tarehe ya mshono ndiyo husahaulika. Vipande vina umri wake, na muungano una umri wake. Kind na Garten, yaani mtoto na bustani, ni maneno ya zaidi ya miaka elfu moja. Lakini jina Kindergarten, ambalo shule nyingi za chekechea za Mombasa zimelichora ukutani, lilitolewa na Friedrich Fröbel mwaka 1840 kwa shule yake ya watoto wadogo kule Blankenburg, Thuringia. Anayesema Kindergarten ni neno la kale kwa kuwa Kind ni neno la kale amehesabu umri wa matumbawe akadhani amepata umri wa nyumba.

Vifaa

Daftari na simu yenye intaneti vinatosha. Tovuti ya kuanzia ni DWDS, kamusi kubwa ya kidijitali ya Kijerumani inayotunzwa na akademia ya sayansi ya Berlin-Brandenburg, nayo ni bure. Ya pili ni kamusi ya ndugu Grimm, ambayo nayo imewekwa mtandaoni. Ndio wale wale wa hadithi za watoto, ila kazi hii iliwashinda umri: juzuu ya kwanza ilitoka 1854, Jacob Grimm akafariki 1863 akiwa bado kwenye herufi F, na kamusi yenyewe ikakamilishwa na watu wengine mwaka 1961. Si lazima ujue Kijerumani vizuri. Unahitaji kujua der, die na das, vijineno vinavyotangulia nomino na kuonyesha ngeli yake, na kutambua wingi wa nomino.

Kwenye daftari chora safu tano: kipande, maana ya leo, umbo la zamani, karne, na ndugu zake katika lugha nyingine. Chini yake acha mstari wa peke yake wenye kichwa "muungano", wa kuandika lini, wapi, na nani kama anajulikana. Mstari huo ukibaki mtupu, kazi haijaisha, hata safu za juu zikijaa vipi.

Programu za kutafsiri ziweke kando kwa hatua za mwanzo. Hukupa maana ya neno zima, na maana ya neno zima ndiyo inayokuficha vipande. Ukiandika Handschuh utapewa "glavu"; kwamba ni kiatu cha mkono, Hand na Schuh, hutaambiwa.

Tahajia kwanza

Neno lisipopatikana, mara nyingi kosa ni la tahajia. Kama simu haina ä, ö na ü, andika ae, oe na ue. ß iandike ss. Katika kamusi ya Grimm ß huandikwa sz, kwa hiyo Straße, barabara, itafute kama strasze. Usishangae pia kuona nomino bila herufi kubwa humo. Jacob Grimm hakuzipenda.

Kwa maandishi yaliyochapishwa kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1901, tafuta pia th mahali pa t: Thal kwa Tal, Thür kwa Tür, Theil kwa Teil. Jina la Hapag lenyewe ni mfano, kwani leo Packet ni Paket na Actien ni Aktien. Mageuzi ya 1996 nayo yaliacha alama yake: Schiffahrt, usafiri wa meli, ikawa Schifffahrt yenye f tatu, kwa sababu Schiff ina mbili na Fahrt ina yake moja. Ukitafuta umbo moja tu, nusu ya ushahidi utakupita.

Vitabu vya zamani vilichapwa kwa herufi za Fraktur, ambazo zina s ya aina mbili. Ile ndefu, ſ, inafanana na f kiasi cha kudanganya mashine zinazosoma picha za kurasa, hata ſein, "kuwa", ikasomwa fein, "laini". Lakini s hiyo ni rafiki pia. Mwishoni mwa kipande waliweka s fupi, kwingine ndefu. Neno Wachstube linaweza kuwa Wach na Stube, chumba cha walinzi, au Wachs na Tube, tyubu ya nta. Katika Fraktur la kwanza huandikwa Wachſtube na la pili Wachstube. Mchapaji wa miaka mia mbili iliyopita amekwisha kukukatia.

Kukata

Kiswahili huanza na mkubwa: batamzinga, kwa jina lake, ni aina ya bata, na bata katangulia. Kijerumani hugeuza. Mkubwa hukaa mwisho, wanaomweleza humtangulia, kwa hiyo anza kulia uende kushoto kama unayesoma Kiarabu. Kindergarten ni aina ya Garten. Mkubwa ndiye anayetoa ngeli na wingi pia: das Kind, der Garten, basi der Kindergarten. Hiki ni kipimo kizuri cha haraka. Ukikata halafu kipande cha mwisho kikawa na der ilhali neno zima lina die, umekata vibaya au kipande hicho si kile unachokidhania.

Kata mara moja tu, neno liwe mapande mawili, ndipo ukate kila pande upya. Usichanechane kila kitu kwa mkupuo. Sheria moja ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern ya mwaka 1999, iliyofutwa 2013, iliitwa Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz, herufi 63. Inaonekana kama adhabu, lakini kata ya kwanza ni rahisi: mwishoni kuna Gesetz, sheria, na yote yaliyotangulia yanasema sheria ya nini. Kabla yake Übertragung, kukabidhi. Kukabidhi nini? Aufgaben, majukumu. Majukumu gani? Ya Überwachung, usimamizi. Usimamizi wa Etikettierung, kuweka lebo. Lebo za Rindfleisch, nyama ya ng'ombe. Neno la namna hiyo halina nasaba ya kujivunia. Liliundwa ofisini, na vipande vyake ndivyo vyenye historia.

Maneno mafupi ndiyo hatari zaidi. Staubecken ni Stau na Becken, birika la bwawa, au Staub na Ecken, pembe zenye vumbi. Blumentopferde ni Blumentopf na Erde, udongo wa chungu cha maua. Jicho la haraka huona Pferde, farasi, likabaki na "Blumento" isiyokuwepo duniani. Kila upande wa kisu sharti ubaki na neno linaloweza kusimama peke yake. Ukipata njia mbili zinazosimama, sentensi ndiyo itakayoamua. Kwenye DWDS angalia palipoandikwa Wortzerlegung. Hapo neno limekwisha kukatwa na kila kipande kina kiungo cha kubonyeza.

Gundi

Katikati ya vipande mara nyingi kuna herufi zisizo za upande wowote: s, es, n, en, er, e. Ziite gundi. Liebe na Brief hutoa Liebesbrief, barua ya mapenzi. Hund na Hütte hutoa Hundehütte, kibanda cha mbwa. Baada ya maneno yenye mwisho wa -ung, -heit, -keit, -schaft na -tät, gundi ni s karibu kila mara, ndiyo sababu sheria ile ndefu imejaa s.

Kosa la kawaida ni kuisoma gundi kama sarufi ya leo. Er katika Hühnerei inafanana na wingi wa kuku, lakini yai halitagwi na kuku wengi. En katika Sonnenschein, mwanga wa jua, haisemi kwamba kuna majua. Ni mabaki ya umbo la umilikishi la zamani, "la jua", lililokwama ndani ya neno wakati lugha ya nje ilipoliacha. Na s katika Arbeitszimmer, chumba cha kazi, haikuwahi kuwa umilikishi wa Arbeit, kwa kuwa nomino za die hazichukui s hiyo. Ilihamia huko kutoka kwa maneno mengine ikabaki kuwa gundi tupu. Kwa hiyo gundi ya umbo la kale ni dokezo la umri, na gundi ya s peke yake si ushahidi wa kitu.

Mara chache gundi hubeba maana. Landmann ni mkulima, mtu wa shamba. Landsmann ni mtu wa nchi moja nawe. Herufi moja, watu wawili.

Kuna pia vipande vinavyopunguzwa badala ya kuongezwa. Schule hupoteza e: Schulbuch, kitabu cha shule, Schulferien, likizo ya shule. Na ndiyo, Schule ni mama wa "shule" yetu. Kijerumani kilileta neno hilo Tanganyika, nalo likavuka mpaka hadi Mombasa iliyokuwa chini ya Waingereza, wakati Unguja wakishika "skuli" ya Kiingereza. Schule yenyewe ilitoka Kilatini schola, nacho Kilatini kililichukua kwa Wayunani, ambao skholē kwao ilikuwa wakati wa mapumziko. Wanafunzi wasiambiwe.

Kufuata kipande kimoja kimoja

Fungua kila kipande peke yake, shuka hadi sehemu ya Etymologie. Utakutana na vifupisho: nhd. ni Kijerumani cha sasa, mhd. ni cha kati, takriban 1050 hadi 1350, ahd. ni cha kale, takriban 750 hadi 1050, germ. ni lugha mama ya Kijerumani na Kiingereza, idg. ni bibi wa wote hao pamoja na Kilatini, Kiyunani na Kihindi cha kale. Nyota mbele ya neno maana yake umbo hilo halijaonekana popote limeandikwa. Wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha. Inakili nyota hiyo kwenye daftari. Ukiiacha, dhana imegeuka ushahidi.

Kinachowawezesha kulinganisha ni kwamba sauti hubadilika kwa utaratibu, na hili mtu wa Mombasa halihitaji kufunzwa. Mvita husema mato, Unguja macho, kuteka, kucheka, ndia, njia, ndaa, njaa. T kwa ch, nd kwa nj. Lakini chai haiwi "tai", hata kwa mzee wa Kibokoni, kwa sababu chai ilikuja baadaye. Neno lisilofuata mkondo ni mgeni, au limechelewa.

Kijerumani cha kusini kilipitia mageuzi ya namna hiyo takriban kati ya karne ya 6 na ya 8, Kiingereza kikabaki nje. P ikawa pf au f: ship kwa Kiingereza, Schiff kwa Kijerumani. T ikawa z au ss: ten na zehn, water na Wasser. K ya katikati au ya mwisho ikawa ch: make na machen. D ikawa t: day na Tag. Ziandike ndani ya jalada la daftari, utazitumia kila siku.

Sasa tazama kazi yake. Pfeffer, pilipili manga, ilitoka Kilatini piper. P ya mwanzo imekuwa pf na ya katikati imekuwa ff, kwa hiyo neno liliingia kabla ya mageuzi kwisha. Kilatini nacho kililipata kwa Wayunani, nao walilipata upande wa India, ambako Kisanskriti husema pippalī. Huko huko ndiko ilikotoka "pilipili" yetu, kwa njia ya Uajemi na Uarabuni. Pfefferkorn, punje ya pilipili manga, na kikapu cha muuza viungo wa Marikiti vina babu mmoja.

Paket, kwa upande wake, ina p safi. Haikubadilika. Kumbe iliingia baada ya mageuzi, na kamusi inathibitisha: karne ya 16, kutoka Kifaransa paquet. Sauti peke yake imekupa mpaka wa tarehe kabla hujasoma maelezo.

Tahadhari moja kuhusu lahaja. Rucksack ni Rücken, mgongo, na Sack, gunia. Kwa nini u na si ü? Kwa sababu neno lilishuka kutoka lahaja za milima ya Alps, ambako mgongo husemwa bila ü. Tofauti ndogo kama hiyo isikufanye utupe kipande. Itakuonyesha neno lilikotoka. Sack yenyewe ilipitia Kilatini saccus na Kiyunani, ambacho kilikopa kwa lugha za Kisemiti, ukoo wa Kiarabu na Kiebrania. Mtoto anayevaa shanta kwenda shule Majengo amebeba neno la wafanyabiashara wa kale.

Tarehe ya mshono

Hapa hakuna njia ya mkato. Kamusi itakupa mwaka au karne ambayo neno zima lilionekana kwanza, nayo hiyo ni tarehe ya ushahidi tu. Neno lilikuwepo midomoni kabla ya hapo. Andika "si baada ya", usiandike "lilizaliwa". DWDS ina mchoro wa mwenendo wa neno kuanzia 1600, unaoonyesha lilipoanza kutumika kwa wingi. Ukitafuta kwenye vitabu vya zamani jaribu maumbo matatu: lililoungana, lenye kistari, na lililoachana. Katika Fraktur kistari hufanana na alama ya sawasawa, hivyo Kinder=Garten si hesabu.

Angalia pia kama maana ya mwaka huo ni maana ya leo. Mfano ulio bora ni Hochzeit. Leo ni harusi. Vipande ni hoch, juu au kuu, na Zeit, wakati. Ukiishia hapo utaandika kwamba Wajerumani huiona harusi kuwa wakati mkuu, maelezo matamu yasiyo sahihi. Katika Kijerumani cha kati neno lilikuwa hôchgezît, na lilimaanisha siku yoyote kubwa: Pasaka, Krismasi, karamu ya mfalme. Yaani lilikuwa sikukuu, siku na kuu, neno kwa neno. Baadaye lilibanwa likabakia na sherehe moja tu. Ukikuta neno hili katika maandishi ya karne ya 13, usikimbilie kutafuta bwana harusi.

Hochzeit hukuachia ushahidi mwingine masikioni. Hoch peke yake ina o ndefu. Ndani ya Hochzeit o ni fupi. Vipande vilivyokaa pamoja karne nyingi hubanana, sauti hufupika, silabi hudondoka. Viertel, robo, ilikuwa vier na Teil, sehemu ya nne; Teil imenyauka ikawa tel. Welt, dunia, ilikuwa weralt: wer, mtu, na neno la umri, enzi ya binadamu. Huyo hakatiki tena, na kamusi nyingi hazimwiti neno ambatani. Kwa kipimo cha mkono: mshono unaoonekana wazi huenda ni mpya au huenda ni wa zamani, ila mshono uliofutika hauwi mpya.

Nasaba za kughushi

Sehemu hii ndiyo ya kutumia muda mwingi, kwa kuwa neno linaweza kukatika vizuri kabisa na bado likawa linakudanganya.

Hoteli za Nyali na Diani zina machela zilizofungwa kati ya minazi. Mjerumani huiita Hängematte: hängen, kuning'inia, na Matte, mkeka. Mkeka unaoning'inia, nani atabisha? Lakini neno lilitoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, hamaca, likachukuliwa na Wahispania, likafika kwa Waholanzi, ambao walilinyoosha mpaka likafanana na maneno yao, hangmat, na Wajerumani wakafuata. Vipande ni vya kupandikizwa. Armbrust, upinde wa mtambo, hivyo hivyo: huonekana mkono na kifua, kumbe ni Kilatini arcuballista kilichovunjwa na masikio.

Mengine yalikuwa ambatani za kweli ambazo kipande kimoja kilisahaulika, watu wakaweka kinachofanana. Maulwurf, fuko, leo ni mdomo na kutupa. Zamani kipande cha kwanza kilimaanisha kichuguu, kisha kikaeleweka kuwa udongo, na mwisho kikageuka Maul, mdomo wa mnyama. Fuko hutupa udongo kwa miguu, kwa hiyo mdomo ulipaswa kukushtua tangu mwanzo. Friedhof, makaburi, si uwanja wa amani. Frīthof ya kale ilikuwa uwanja uliozungushiwa ua mbele ya kanisa. Friede, amani, ilikuja kuikalia baadaye. Gharika ya Nuhu ni Sintflut, ambapo sin ilimaanisha kubwa, ya kote, lakini waumini waliisikia Sünde, dhambi, na Sündflut ikaandikwa kwa karne kadhaa.

Dawa ni moja: linganisha umbo la leo na umbo la kale zaidi ulilolipata. Kipande kikibadilika konsonanti au vokali bila kufuata mageuzi ya sauti uliyoyaandika ndani ya jalada, kuna mkono wa mtu.

Kundi la mwisho ni tafsiri. Halbinsel, rasi, ni nusu na kisiwa. Ilitafsiriwa kutoka Kilatini paeninsula, karibu-kisiwa. Wolkenkratzer, ghorofa refu mno, ni mkwaruza mawingu, kwa kufuata skyscraper ya Kiingereza, kinachokwaruza mbingu. Vipande ni vya Kijerumani halisi, wazo ni la kukodi. Kwenye mstari wa muungano andika lugha iliyotoa wazo, vinginevyo utawapa Wajerumani ubunifu usio wao.

Majina ya watu

Majina ya ukoo hufumuliwa kwa kisu kile kile, ila usimpake mwenyewe maana ya jina lake. Johannes Rebmann, mmisionari aliyefika Rabai mwaka 1846 kuungana na Johann Ludwig Krapf, ana Rebe, mzabibu, iliyopoteza e, na Mann, mtu. Rebmann ni jina la kazi, mkulima wa mizabibu. Linasema babu fulani alifanya nini majina yalipokuwa yakiganda. Halisemi lolote kuhusu yeye. Krapf si ambatani. Ni jamaa wa neno la kale la ndoano, lile lile lililozaa Krapfen, andazi la kukaangwa ambalo mla mahamri atalitambua bila mkalimani.

Kazi mbili zilizokamilika

Packetfahrt. Mkubwa: Fahrt, safari, die. Gundi: hakuna. Fahrt inatokana na fahren, kusafiri, kwa Kijerumani cha kale faran. F yake ilikuwa p katika lugha ya bibi, *per-, kuvuka. Jamaa zake: Furt, kivuko cha mto, iliyomo ndani ya Frankfurt, kivuko cha Wafranki, na ferry ya Kiingereza, ambayo ndiyo "feri" ya Likoni. Packet: karne ya 16, Kifaransa paquet. Muungano: safari za meli zilizobeba vifurushi vya barua kwa ratiba, limo ndani ya jina la kampuni ya 1847, basi si baada ya hapo. Feri unayopanda Likoni na jina la kontena zile za chungwa ni wa nyumba moja.

Thaler. Hili ni gumu kwa sababu kipande kimepotea. Kuanzia takriban 1520 sarafu za fedha zilipigwa Joachimsthal, mji wa machimbo huko Bohemia ambao leo ni Jáchymov, nchini Cheki. Joachim ni mtakatifu, katika mapokeo ya Kikristo baba yake Maryamu. S ni gundi. Thal ni bonde. Er ni "ya huko". Joachimsthaler ilikuwa ndefu mno kwa mdomo wa sokoni, ikakatwa kichwa ikabaki Thaler. Hela ilipitia njia hiyo hiyo: Heller ni pesa ya mji wa Hall, nayo ilitumika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1904, heller 100 kwa rupia moja. Kaskazini na Uholanzi, ambako mageuzi ya d kuwa t hayakufika, bonde ni dal na sarafu ikaitwa daler. Kiingereza kikachukua hiyo, ndiyo maana dollar ina d. Thaler ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, yenye mwaka 1780 hata ikipigwa miaka mingi baada ya yeye kufa, ilizunguka pwani hii katika karne ya 19.

Kwenye daftari: Joachim, s, Thal, er. Muungano: jina la mji, karne ya 16; kichwa kilidondoka. Njia: Thaler, daler, dollar, dola. Dola yenye maana ya serikali si ndugu yake. Hiyo ni dawla ya Kiarabu, ipe ukurasa mwingine.